Askari wa Milimita Ngapi?

Mwaka 1830 luteni wa jeshi la Uingereza aitwaye William Siborne alihamia katika nyumba ya shamba ya La Haye Sainte, katika nchi tunayoiita leo Ubelgiji. Miaka kumi na mitano kabla yake nyumba hiyo ilikuwa katikati ya vita vya Waterloo, na watu waliuana mlangoni mwake hadi njia ikajaa maiti. Siborne hakwenda kuomboleza, alikwenda kupima. Kwa miezi minane alipima kila mwinuko, kila barabara na kila ua, kwa kuwa jeshi lilikuwa limemwagiza atengeneze mfano wa uwanja mzima wa vita pamoja na watu wake. Kisha akawaandikia barua maofisa waliosalimika, akiwauliza kikosi cha kila mmoja kilisimama wapi saa moja jioni ya tarehe 18 Juni 1815. Majibu yakaja kwa mamia. Mwaka 1833 serikali ikakata fedha. Siborne akaendelea kwa madeni, na Oktoba 1838 mfano ukafunguliwa kwa watazamaji katika jumba la Egyptian Hall, mtaa wa Piccadilly, London. Kiingilio kilikuwa shilingi moja.

Mfano huo sasa unatunzwa na National Army Museum ya London. Juu yake wamesimama askari wa bati zaidi ya 70,000, kila mmoja akiwa na kimo cha kama sentimita moja. Lakini askari hao na ardhi yao havilingani. Ardhi Siborne aliipunguza kwa skeli ya futi tisa kwa maili, yaani mara 587 hivi. Kwa skeli hiyo mtu wa mita 1.7 asingefika milimita tatu, sawa na punje ya mchele iliyokatwa katikati. Watu aliwapunguza mara 180 tu, na kimo cha vilima hivyo hivyo. Kwa hiyo kila askari wa Siborne ni mkubwa mara tatu kuliko shamba analolipigania.

Hakukosea. Waterloo ni nchi ya mawimbi madogo ya ardhi, na Wellington, jemadari wa Waingereza, aliyatumia mawimbi hayo kuwaficha watu wake wasipigwe mizinga. Mwinuko wa mita 18 ukipunguzwa mara 587 unabaki sentimita tatu, na mtazamaji aliyesimama kando ya meza asingeelewa kwa nini vita vilikwenda vilivyokwenda. Ukipunguzwa mara 180 unakuwa sentimita kumi, na mtu anaona kwa macho yake kwamba Mfaransa aliyekuwa bondeni hakuweza kumwona Mwingereza aliyelala nyuma ya ukingo. Siborne alilipotosha umbo ili ukweli wa vita uonekane. Tangu hapo kila aliyeshika kijisanamu cha askari amepotosha kitu, ila wengi hawakuchagua wapotoshe nini. Walichaguliwa na vitu vilivyokuwa nje kabisa ya vita: uzito wa bati, upana wa reli, rula ya mhandisi wa ndege.

Inafaa kwanza nimweleze msomaji ambaye hajawahi kuwaona watu hawa. Uingereza, Marekani, Ujerumani, Urusi na kwingineko wapo watu wazima, wengi wao wenye mvi, wanaokusanyika mwisho wa juma kuzunguka meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Juu yake hupanga majeshi ya vijisanamu walivyovipaka rangi kwa mkono, hurusha dadu, hupima mwendo kwa utepe, na kupigana upya vita vya Kaisari, vya Napoleon au vya Rommel. Wanaijua historia kwa undani wa kutisha. Mmoja wao atakuambia rangi ya kola ya kikosi fulani cha Bavaria mwaka 1809, na utakuwa hujamuuliza. Kinachowagombanisha kuliko kola ni jambo jingine: mtu amenunua askari wa kimo cha milimita 15 kwa msubu mmoja, akaagiza wengine wa milimita 15 kwa msubu mwingine, na alipowasimamisha pamoja wa kwanza akamfikia wa pili kidevuni.

Aliyewahi kununua viatu vya mtumba anaelewa. Namba 42 ya huku inabana, 42 ya kule inapwaya. Na bibi zetu walionunua nguo kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, walijua kwamba kabla ya kuuliza bei sharti utazame mkono unaopima ni wa nani.

Katika biashara ya askari wadogo, mkono wa kwanza ulikuwa wa Nuremberg. Karne ya 18 mji huo wa Ujerumani ulijaa mafundi wa bati, na kufikia miaka ya 1770 ukoo wa Hilpert, uliotoka Coburg, ulikuwa ukisubu askari bapa, wembamba kama sarafu, kwa kalibu zilizochongwa katika mawe ya aina ya vile vibao vya kuandikia vya watoto wa shule. Kila karakana ilijichagulia kimo. Fundi mmoja alitoa wapandafarasi waliozidi kidole kwa urefu, jirani yake akatoa wadogo kama ukucha, na hakuna aliyeona ubaya. Mteja alikuwa mtoto, na mtoto aliyepewa sanduku la karakana moja hakuweza kuliongezea sanduku la karakana nyingine bila majeshi yake kuonekana kama baba na wana. Kutolingana kulimfunga kwa msubu wake.

Ernst Heinrichsen, aliyefungua karakana yake Nuremberg mwaka 1839, aliliona jambo hilo upande wa pili. Mwaka 1848 akaweka kimo kimoja kwa askari wake wote wa miguu: milimita 28. Kikaitwa kimo cha Nuremberg, na kwa kuwa bidhaa zake zilienea, wengine wakalazimika kumfuata. Vijisanamu hivyo viliuzwa kwa uzani, ratili na nusu ratili ya askari katika kisanduku cha mbao nyembamba. Bati lina bei. Askari mdogo na mwembamba maana yake ni askari wengi zaidi kwa ratili ile ile, na mtoto huhesabu vichwa, hapimi uzito. Mwaka 1924 wakusanyaji wa Kijerumani waliunda chama chao, KLIO, nao wakashikilia milimita 30 kama kimo cha askari bapa. Mpaka leo eneo hilo la askari bapa ndilo lenye amani kuliko yote katika uwanja huu. Ukiingia katika ngome ya Plassenburg mjini Kulmbach, kwenye makumbusho ya vijisanamu vya bati, utaona maelfu kwa maelfu yao wakiwa wametoka mikononi mwa wachongaji wengi, na bado wanaonekana watu wa taifa moja.

Amani hiyo haikuvuka bahari. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London iligundua namna ya kusubu askari wenye uwazi ndani: risasi iliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu, ikishaganda pembeni ile ya katikati humwagwa nje. Askari akawa mwepesi na wa bei nafuu, na wauzaji wa Ujerumani wakaanza kupoteza soko la Uingereza. Alikuwa na kimo cha milimita 54. Kwa nini 54? Kwa sababu treni za kuchezea zilizokuwa zikiuzwa wakati huo zilikwenda juu ya reli za upana wa kipimo namba moja, na mtu wa milimita 54 ndiye aliyefaa kusimama kwenye jukwaa la stesheni. H. G. Wells alipoandika kitabu chake Little Wars mwaka 1913, akiweka kanuni za kupigana sakafuni kwa mizinga midogo ya springi, askari aliowatumia ni hao wa Britain. Kwa maneno mengine, kitabu kinachohesabiwa kuwa chanzo cha michezo hii ya vita kilichezwa na watu waliopimwa kwa ajili ya kungoja treni.

Nalikaza hili la treni kwa sababu ndilo lililoleta fujo kubwa kuliko zote. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia nyumba za watu zilikuwa ndogo na treni nazo zikapunguzwa ziweze kukaa mezani. Wajerumani na Wamarekani wakashika skeli ya HO, yaani nusu ya ile iliyoitwa O: milimita 3.5 kwa kila futi, au moja kwa 87. Reli zake zina upana wa milimita 16.5. Waingereza walitaka hivyo hivyo, wakakwama. Treni halisi za Uingereza ni nyembamba kuliko za Bara la Ulaya, kwa kuwa madaraja na mahandaki yao yalijengwa mapema na yamebana. Ukizipunguza mara 87, mota za wakati ule haziingii ndani. Ufumbuzi wao ulikuwa wa Kiingereza kabisa: wakaacha reli kama zilivyo, wakakuza mabehewa hadi milimita nne kwa futi, moja kwa 76. Wakaiita OO. Mpaka leo treni za OO za Uingereza zinakwenda juu ya reli nyembamba kuliko zinavyostahili, kama mtu mnene aliyepanda baiskeli ya mwanawe, na wenyewe wamezoea.

Sasa ingia Airfix. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mkimbizi kutoka Hungaria, na baada ya vita ikageukia plastiki. Mwaka 1959 ilitoa seti yake ya kwanza ya watu wadogo, bendi ya walinzi wa malkia, kisha wakafuata askari wa miguu, wakulima, wanajeshi wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, Warumi, Wafaransa wa Waterloo. Walikuwa wa plastiki laini inayopinda, arobaini au hamsini katika sanduku moja, kwa pesa ya mfukoni ya mtoto. Kizazi kizima cha Waingereza kiliijua historia kwa njia hiyo. Juu ya sanduku paliandikwa HO/OO.

Tazama mkwaju ule katikati ya herufi. Mtu wa mita 1.75 katika skeli ya HO ni milimita 20. Katika OO ni 23. Sanduku moja lilidai kuwa yote mawili, na waliomo ndani walisimama popote kati ya hapo. John Niblett, mchongaji wa seti nyingi za mwanzo, alitoa watu wadogo, wembamba, wenye uwiano mzuri. Miaka ya 1970 Airfix ilizichonga upya baadhi ya seti za Vita vya Pili vya Dunia, na waliotoka walikuwa majitu wakilinganishwa na ndugu zao. Mtoto aliyenunua Wajerumani akiwa na miaka minane, akawaongeza alipofika kumi na nne, alijikuta na jeshi lenye matabaka mawili ya watu. Wako waliowaza kwamba pengine chakula cha jeshi kilikuwa kimeboreshwa.

Kisha likaja suala la ndege. Katika miaka ya 1930 watengenezaji wa ndege ndogo nchini Uingereza walikuwa wameshika skeli ya moja kwa 72, inchi moja kwa futi sita, ambayo ni hesabu nyepesi kwa yeyote mwenye rula ya Kiingereza. Kampuni ya Frog ilitoa ndege zake za Penguin kwa skeli hiyo kuanzia 1936. Vita vilipowaka, majeshi yalihitaji mifano ya ndege za kufundishia askari kumtambua adui angani, na mwaka 1942 jeshi la wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge mifano nusu milioni, nayo ilikuwa ya moja kwa 72. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuing'oa. Basi Airfix hiyo hiyo iliuza ndege za 1:72, vifaru vya 1:76, na watu wa HO/OO, rafu moja, duka moja. Kiunzi cha kifaru cha Tiger kilikuwa na urefu wa mita 6.3: katika 1:76 ni milimita 83, katika 1:72 ni 88. Mtu aliyeweka vya kampuni mbili ubavu kwa ubavu aliona kimoja kimefuliwa kikaruka. Watu wa Airfix baadaye walipewa jina la 1:72 kwenye sanduku bila ya wao kuongezeka hata unywele.

Wakati plastiki ikivurugana hivyo, waliosubu chuma walijitangazia kipimo tofauti. Hawakuuza skeli, waliuza milimita. Huko Visalia, California, Jack Scruby alikuwa akisubu askari kwa kalibu za mpira tangu miaka ya 1950 na mwaka 1957 akaanzisha jarida la wachezaji. Southampton, Uingereza, alikokaa Donald Featherstone aliyeandika War Games mwaka 1962, kukawa na kampuni ya Miniature Figurines iliyofupishwa na kila mtu kuwa Minifigs. Kaskazini kukawa na Hinchliffe na mchongaji wake Peter Gilder. Wote walisema milimita 25. Namba hiyo haikutoka hewani: mtu wa futi sita katika skeli ya 1:72 ni inchi moja kamili, milimita 25.4. Lakini hakuna aliyesema wapi pa kuishilizia utepe.

Askari wengi wamevaa kofia. Kofia ya ngozi ya dubu ya mgrenadia wa Napoleon inazidi sentimita 30, na katika 1:72 hizo ni milimita nne na zaidi za manyoya. Kupima mpaka juu ya kofia ni upuuzi. Kupima mpaka utosini ni vigumu kwa kuwa utosi umefunikwa. Ikazoeleka kupima kutoka kwenye nyayo hadi machoni. Sawa, ila jicho liko chini ya utosi kwa sentimita kumi na zaidi. Askari wa milimita 25 hadi machoni ni mtu wa karibu milimita 27 hadi utosini, na mchongaji wa pili, aliyepima wa kwanza kwa rula kutoka juu hadi chini akitaka wake wafanane, anaanza na 27 kama ndiyo 25. Wa tatu anampima wa pili. Hakuna aliyedanganya. Hivyo ndivyo 25 ilivyofika 28 katika muda wa miaka kumi na tano au ishirini.

Wako pia waliosukuma kwa makusudi. Citadel, tawi la kampuni ya Games Workshop lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, liliuza majini na mashujaa wa hadithi, na mchezo wao wa Warhammer ulipotoka mwaka 1983 uliwavuta vijana wengi kuliko Napoleon alivyowahi kuwavuta. Vijana walitaka uso unaopakika rangi. Vichwa vikakua, mikono ikakua, panga zikawa mapanga ya kukatia miti. Mtindo huo ukaitwa wa kishujaa na ukarudi kwa mlango wa nyuma katika historia, kwa kuwa wachongaji walikuwa wale wale. Sitawalaumu. Kijisanamu hutazamwa na mtu aliyesimama, kutoka mita moja, chini ya taa ya ukumbi. Kichwa sahihi cha askari wa milimita 15 hakifiki milimita mbili na nusu. Kutoka mita moja hicho ni kitone.

Kule kwenye milimita 15 mambo yalianza kwa usafi. Peter Laing alitoa wake wa kwanza mwaka 1972: wadogo kweli, wembamba, sura zao zimedokezwa tu. Mpaka leo anayetaka kuwachanganya na wengine hawezi, kwa sababu waliokuja baada yao walinenepa mpaka 16, mpaka 18. Vifaru vinavyouzwa pamoja na askari wa milimita 15 ni vya moja kwa 100, na ukimpunguza mtu wa mita 1.75 mara 100 hupati 15, unapata 17.5. Jina limebaki kama jina la mtaa ambao mto wake ulikauka zamani.

Kilichokataa kukua ni kitako. Mwaka 1969 kundi la Waingereza lililojiita Wargames Research Group lilitoa kanuni za vita vya kale, na desturi iliyotokana nayo ni kwamba askari hubandikwa kwenye vibao vyenye upana maalumu: milimita 60 kwa wale wa 25, milimita 40 kwa wale wa 15. Kibao cha milimita 40 huchukua askari wanne wa safu nzito, bega kwa bega, milimita kumi kila mmoja. Watu wakajenga majeshi ya maelfu juu ya vibao hivyo, wakapeana mialiko ya mashindano nchi hadi nchi, na hakuna aliyekuwa tayari kubandua jeshi la miaka ishirini. Askari wakanenepa, kibao hakikutanuka. Nimewaona Wagiriki wa leo wakibanwa wanne juu ya kibao cha milimita 40, ngao zimepandana, mikuki imeelekea kila upande kama abiria wa daladala walioshika bomba moja.

Ukishuka zaidi hadi milimita sita, hesabu inakuwa kali. Waingereza waliofuata Heroics & Ros walitumia moja kwa 300, Wamarekani wa GHQ moja kwa 285. Tofauti hiyo kwa mtu mmoja ni chini ya theluthi moja ya milimita, na ungedhani haionekani. Kinachoonekana ni unene. Wa Heroics ni wembamba wa haki, wa Baccus wamejaa kama vigogo, wa Adler wana vichwa vya watoto wachanga. Wote ni milimita sita. Na pale kosa la nusu milimita ni sehemu ya kumi na mbili ya mtu.

Chuma chenyewe kina tabia yake. Mchanganyiko wa bati, risasi na antimoni hunywea unapopoa. Mchongaji hutoa asili moja, hiyo husubiwa kalibu ya kwanza, watoto wa kalibu hiyo ndio wanaotengenezewa kalibu za kazi, na kalibu za mpira huokwa kwa joto na mgandamizo. Kila hatua inakula kidogo. Kampuni iliyopoteza asili yake ikalazimika kutumia mjukuu kama asili itauza vijukuu vilivyo vifupi kuliko vilivyouzwa miaka kumi nyuma, kwa namba ile ile ya katalogi.

Hayo yote ni ya kimo, na nadiriki kusema kwamba kimo ndicho kinachojali kidogo kuliko vyote. Majeshi halisi hayakuwa na watu sawa. Friedrich Wilhelm wa Kwanza wa Prussia alikusanya kikosi cha majitu mjini Potsdam ambacho hakikupokea mtu chini ya mita 1.88 hivi. Napoleon, kwa amri za 1804 na 1805, aliunda makampuni ya voltigeurs kwa ajili ya wafupi wasiozidi mita 1.6, ambao awali walionekana hawafai kitu. Katika 1:72 jitu la Potsdam ni milimita 26 na voltigeur ni 22. Milimita nne kamili, kati ya watu wawili wa kweli. Mchezaji anayelalamika kwamba askari wake wanapishana milimita mbili analalamikia ubinadamu.

Ambacho hakikupishana ni bunduki. Gobori la Kifaransa la mwaka 1777 lilikuwa na urefu wa mita 1.52, na serikali ilikuwa na wakaguzi katika viwanda vyake kuhakikisha linabaki hivyo. Lile la Waingereza walilopigania Waterloo lilikuwa fupi kidogo, mita 1.4 hivi. Kwa kawaida alilobeba mfupi ndilo alilobeba mrefu. Sasa chukua vijisanamu vya wasubu wawili. Utaona watu wanaokaribiana kwa kimo, lakini mmoja ameshika gobori la milimita 21 na mwenzake la 17, mmoja ana singe na mwenzake ana mkuki. Jicho linashtuka hapo, na mwenye jicho anasema askari hawalingani. Askari wanalingana. Ghala la silaha ndilo lililokosana. Na unene ni vivyo hivyo: mtutu wenye unene wa sentimita 2.5 ukipunguzwa mara 72 ni theluthi moja ya milimita, na hakuna plastiki wala bati litakalosimama hivyo bila kukunjika. Mchongaji huufanya milimita moja. Ukirudisha milimita hiyo katika ukubwa wa kweli unapata sentimita saba, yaani askari amebeba mchi wa kinu begani.

Jambo hili linatugusa na sisi. Mark Copplestone alichonga kwa ajili ya kampuni ya Foundry ya Uingereza mfululizo uitwao Darkest Africa, jina ambalo mtu wa huku hulisoma mara mbili kabla ya kufungua pochi, na ndani yake wamo ruga-ruga na watu wa Zanzibar wa milimita 28. Viwanda vingine vimetoa askari wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, na wa King's African Rifles, jeshi la koloni la Waingereza, kwa ajili ya vita vya 1914 hadi 1918. Askari wengi wa Wajerumani walipopigana Tanga mwezi Novemba 1914 walikuwa bado na bunduki ya zamani ya Mauser ya mwaka 1871, ndefu, yenye baruti ya moshi iliyomfichua mpigaji kila alipofyatua. Ilikuwa na urefu wa mita 1.35. Lee-Enfield fupi ya jeshi la Uingereza ilikuwa mita 1.13. Ukipunguza mara 60, kama kwa hao wa milimita 28, tofauti ni zaidi ya milimita tatu na nusu, nayo ingetosha kumwonyesha mtazamaji nani ni nani hata kabla ya kuona sare. Mchongaji anayempa kila mtu bunduki moja kutoka kopo moja la sampuli amefuta habari nzito kuliko rangi ya kola.

Wachezaji wana dawa zao. Wafupi hubandikwa juu ya kipande cha kadibodi na mchanga ukafunika ushahidi. Msubu mmoja hapewi zaidi ya kikosi kimoja, na kikosi hakichanganywi. Farasi hubadilishwa. Nyumba hununuliwa ndogo kuliko watu, za milimita 10 kwa askari wa 15, ili kijiji kisimeze uwanja, na huyo ni Siborne tena, amerudi bila kualikwa.

Dawa mpya ni mashine za kuchapa vitu vya pande tatu. Sanamu inauzwa kama faili, mnunuzi anaandika asilimia anayotaka, na kwa mara ya kwanza tangu Heinrichsen kimo kimekuwa chaguo la mwenye meza. Asilimia 96 kwa anayetaka walingane na wa zamani, asilimia 54 kwa anayetaka kumgeuza wa 28 kuwa wa 15. Kichwa kikubwa cha kishujaa kinapungua, vizuri. Gobori nalo linapungua. Lililokuwa na unene wa milimita moja linabaki nusu, na linakatika mkononi wakati mtu anaondoa vijiti vya kushikilia.